Nafasi ya Mwenye Kulipa Yote

Siku ile siisahau, mwanangu, kwa sababu miguu iliniuma. Nilikuwa nimeazima viatu vya mke wa mwalimu wetu, vikanibana. Nilitoka navyo kijijini kwetu Kisondela nimevishika mkononi, nikaja kuvivaa nilipokaribia chuo, ili nionekane mtoto wa watu wenye uwezo.

Kilikuwa chuo kidogo cha kushona, cha watu wa dini. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne, na nilikuwa nakitaka chuo kile kuliko chakula. Rafiki yangu Subilaga ndiye aliyenifunda. "Wakikuuliza nani anakulipia, sema baba, ada yote. Ukisema unaomba msaada, utasubiri mpaka uote mvi. Na usipige magoti! Watoto wa wenye nazo wanasalimia wamesimama."

Kwetu binti hamsalimii mkubwa akiwa wima, hilo unalijua. Mimi nikaingia ofisini, nikasimama wima kama nguzo, nikanyoosha mkono. Mama mkuu wa chuo alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka mbali, hakushtuka. Aliniuliza jina, akaniuliza nani atalipa. Nikamjibu, "Baba, ada yote." Akaandika. Hakuniuliza hata kama najua kushika sindano.

Aliyenitangulia alikuwa binti wa kijiji cha Nkunga, anaomba msaada. Huyo aliulizwa mengi, akashoneshwa na kitambaa, kisha akaambiwa nafasi za msaada ni chache, asubiri barua nyumbani. Mshono wake niliuona mezani. Ulinyooka kuliko wangu.

Na baba yangu, nikwambie ukweli, alikuwa na migomba na ng'ombe mmoja. Ada ile asingeiweza hata angeuza migomba pamoja na kivuli chake.

Nikatoka nje nacheka peke yangu. Uwanjani alikuwa anafagia Mama Anyitike, jirani yetu wa Kisondela, mwanamke mzima asiyejua kusoma. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa ameona na kusikia yote.

"Wewe binti. Viatu umeazima, hilo nimeliona. Na magoti yako umemwazima nani?"

"Mama, nimepata nafasi!"

"Nafasi ya nani?"

Nikavitazama viatu.

"Umepata nafasi ya mwenye kulipa. Utakuja hapa na sanduku lako, hela hamna, watakurudisha mchana kweupe watu wanakutazama. Na yule wa Nkunga atakuwa ameshaolewa. Mtakosa wote wawili. Rudi ndani. Na uanze kwa kusalimia."

"Wakinifuta?"

"Watakufuta," akasema, akaendelea kufagia.

Hakunibembeleza hata kidogo. Nikavua viatu, nikarudi, nikapiga magoti, nikasema yote. Mama mkuu alinitazama, akachukua kalamu akakata jina langu. Kisha akaniambia neno ambalo angeweza kulimeza tu: "Binti, chuo hiki hakina mfadhili wa kutosha. Wanaolipa yote ndio wanaonunua unga mnaokula wote. Ndiyo maana nawaandika kwanza. Usidhani wanakuzidi akili. Njoo mwakani na barua ya mchungaji, na ulete kitu ulichoshona kwa mkono wako."

Nililia mpaka nyumbani. Mwaka ule nikachuma chai za watu, na jioni nikashona. Mwaka uliofuata nikaenda na gauni la mdogo wangu na barua ya mchungaji, nikapata msaada. Mwaka mmoja tu. Wa pili msaada ukaisha, nikarudi shambani, sikumaliza. Lakini mwaka huo mmoja ndio uliovalisha watoto wangu sita, na sijawahi kumkwepa mtu njiani kwa ajili yake. Mama Anyitike amelala kaburini siku nyingi. Ndaga fijo, mama. Asante sana.

Sasa ninyi mnajaza fomu kwenye simu, lakini swali la nani atalipa bado mnaulizwa. Mwezi uliopita mjukuu wangu Tusajigwe alikwenda steshenari pale Msasani ya huku kwetu kuomba chuo cha uuguzi. Dada wa pale akamwambia, "Weka mzazi anajitosheleza, utaitwa chap." Mtoto akaja kuniuliza. Nikamwambia andika tulivyo.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kuna vyuo vinavyotazama uwezo wa mzazi kabla ya akili ya mtoto. Si haki, lakini usijifanye hulijui. Kabla hujaomba, uliza nafasi za msaada ni ngapi na zinafungwa lini. Omba vyuo vitatu, usishikilie kimoja. Nenda kwa mchungaji, nenda kwa mtendaji, waambie hali yenu bila aibu. Ukikosa kwa sababu ya ada, lia siku moja, usijiite mjinga. Ukipata kwa sababu baba yako analipa yote, shukuru, na usimcheke aliyebaki nje, huenda anakushinda. Ila uongo wa kujitajirisha usiuandike, kwa sababu utaulipia wewe, na mwingine ataulipia bila kujua.

Mungu akupe chuo kitakachokutaka wewe mwenyewe. Akupe na mtu wa kukwambia ukweli bila kukubembeleza. Na siku ukikaa wewe kwenye kiti cha kuandika majina, akupe moyo wa kumwita na asiye nacho.