Siku Niliyowaita Wanormani Wambembeleze Mtoto

Ukitaka kucheka, cheka mapema, maana nikifika katikati hutapata nafasi. Mimi ndiye yule msichana wa Kikenya aliyesimama mbele ya wageni wa heshima kwenye bustani moja ya Jumeirah, Dubai, mtoto wa wenyewe mikononi, akipaza sauti kuwaita watu waliokufa, tena Wazungu, tena wa enzi za mikuki na farasi, na hadi leo nikikumbuka uso huwaka moto hata nikiwa peke yangu bafuni.

Niwaeleze nilifikaje huko. Nilikuwa nakaa Satwa, chumba kimoja na wasichana wenzangu, na kazi yangu ilikuwa kumsomea mzee, basi. Sir (ndivyo nilivyomwita, na ndiye aliyekuwa kafeel wangu, mdhamini wa viza yangu) alikuwa mhandisi mstaafu kutoka Uingereza, macho yanamwishia, na kabla giza halijamfunika kabisa alitaka kuufuata ukoo wake mpaka kwa mtu wa kwanza, Gilbert wa Torvillon, Mnormani aliyevuka bahari na mtawala wake kwenda kuiteka Uingereza, akapewa mashamba kama shukrani. (Mashamba ya watu wengine, bila shaka. Mimi ni Mkenya, hadithi hiyo naijua.)

Kila asubuhi nilimsomea nakala za hati za kale alizokuwa akitumiwa kwa posta: nani alirithi kinu cha kusagia ngano, nani alimwoza binti yake ili apate msitu, nani alimdhulumu ndugu yake bonde lenye mto. Gilbert akamzaa Hugh, Hugh akamzaa Robert, Robert akamzaa Gilbert mwingine, majina yakirudi na kurudi kama ya kwetu Bungoma, ambako babu akifa hakai sana kabla hajabebwa na mjukuu. Nikawapenda wale wagomvi. Nikipanda ngazi za chumba chetu Satwa nilikuwa nikiwataja kimoyomoyo, mmoja kila ngazi.

Siku tulipofika kizazi cha mwisho cha orodha niliyokuwa nikimwandikia, watoto wake mwenyewe, sir aliufunika ukurasa kwa kiganja.

"Andika Helen," akasema. "Kando yake acha nafasi."

"Nafasi ya nani, sir?"

"Ya Simon. Usiliandike jina hilo. Na usilitaje madam akiwepo."

Ndipo akanieleza. Simon alikufa jangwani, gari lilipobingirika kwenye vilima vya mchanga, na aliyekuwa akiendesha ni dada yake, Helen. Madam, mama yao, alimzika mtoto akalizika na jina, picha zikashushwa ukutani, na Helen akarudi Uingereza asikanyage Dubai tena. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alimuua ndugu yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hakumuua.

Sasa Helen alikuwa amekubali kuja, na mtoto mchanga juu, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya baba yake. Sir alinishika mkono. "Nataka jambo moja tu," akasema. "Akae. Hata kidogo tu. Mjukuu wangu aijue sauti yangu, na mimi nimwone kabla sijashindwa kuona."

Basi ikaja Ijumaa hiyo, alasiri, miezi ile Dubai inapopoa na watu wanathubutu kukaa nje. Mti wa ukoo tulikuwa tumeuchoresha kwa fundi wa Satwa anayeandika mabango ya maduka, kitambaa kirefu kweli, nacho kilifungwa kwa kamba kati ya mitende miwili, juu ya meza ya chakula. Bi Zuleikha, mama wa Kizanzibari kutoka Bur Dubai aliyekuwa akiitwa kupika panapokuwa na shughuli, alikitazama mikono kiunoni.

"Mwanangu, ukoo wote huu, na hapana hata mmoja wa kunioshea masufuria?"

Mtoto akaanza kulia. Si kilio cha njaa, kwa sababu alikuwa amenyonya, wala si cha mkojo, kwa sababu alikuwa amebadilishwa. Helen alizunguka naye bustani nzima. Madam alinyoosha mikono ampokee, na Helen akageuka upande mwingine kama hakuona. Wageni wakaanza kutazama saa. Nikamwona sir kwenye kiti chake, akigeuza kichwa kukifuata kile kilio, na hofu usoni: akiendelea hivi, ataondolewa.

Ningeendelea kubeba juisi yangu. Ndiyo kazi niliyopewa siku hiyo. Lakini niliweka sinia chini nikasema, "Madam Helen, nipe nimshike kidogo."

Sasa, kwetu, mtoto akilia hivyo, wazee hawasemi anaumwa tumbo. Wanasema kuna marehemu anayetaka jina lake. Basi wanamtajia majina ya waliotangulia, mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Nami majina nilikuwa nayo kichwani, tena ya miaka karibu elfu moja! Nikamwinamia. "Gilbert?" Akalia. "Hugh? Robert?" Akalia zaidi.

"Unafanya nini?" akauliza mgeni mmoja, na mimi (mdomo huu!) nikaeleza kwa sauti, wote wakasikia, wakafurahi ajabu. Sir akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Mimi nimehangaika na hati muda wote huo, kumbe nyinyi mnamuuliza mwenyewe!"

Hapo ndipo nilipolewa sifa. Wageni walinizunguka, wengine wakisoma kwenye kitambaa na kuniitikia, "Walter! Jaribu Walter!" na mimi nikiita kama mhubiri wa mkutano wa barabarani, nikimrusharusha mtoto, tukishuka karne hadi karne. Bi Zuleikha akajitokeza mlangoni mwa jikoni akinipungia mwiko.

"We mwana, njoo huku! Majina ya watu hayo, si njugu za kutafuna!"

Nilimsikia. Nikajifanya sijamsikia. Majina ya kitambaani yakaisha na mtoto bado analia, na watu wanapiga makofi, "Mwingine! Mwingine!" na mimi, bila kufikiri, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akidhani bado moja imebaki, nikasema:

"Simon?"

Mtoto akanyamaza.

Akanyamaza kabisa, macho yamenikodolea. Mgeni mmoja asiyejua lolote akashangilia peke yake, kisha akaacha.

"Nani amemwambia?" Madam hakupaza sauti. Alikuwa anamtazama sir.

Helen akaninyang'anya mtoto. "Kwa nini asiambiwe? Mmemwachia pengo pale juu, mama. Mnaandika hata watu walioiba vinu, lakini Simon hana nafasi?"

"Wewe," akasema madam, "ndiye uliyeshika usukani."

Miaka yote hiyo lilikuwa halijasemwa, na sasa lilikuwa limesemwa, mbele ya watu wenye sahani mikononi. Nikarudi nyuma nipate pa kujificha, mguu ukanasa kwenye kamba, na ukoo mzima wa Torvillon ukaporomoka juu ya sinia la biriani. Hakuna aliyecheka. Sir alikuwa akiuliza, "Helen? Helen yuko wapi?" na Helen alikuwa tayari ndani anafunga mizigo.

"Khalas, basi," madam aliniambia. "Usirudi."

Nilirudi kesho yake kuchukua vitu vyangu tu. Sir alikuwa ananingoja getini, kashika ukuta. Helen alikuwa ameondoka na mtoto, na sir hakuwa amempakata hata mara moja.

"Niambie," akasema. "Wewe ndiye uliyemshika. Alinyamaza kwa sababu ya jina?"

Nilikuwa nimeapa mdomo wangu hautaingia tena katika mambo ya nyumba ile. Nikajibu kwa uangalifu, kama mtu aliyesoma. "Hapana, sir. Alikuwa amechoka kulia."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Ndiyo. Bila shaka. Alichoka." Akageuka, akapapasa ukuta, akaingia.

Sijawaita tena wafu wa watu, na sitawaita. Hata mtoto wa dada yangu alipolia niliwaachia wazee. Lakini akitokea mtu mwingine wa kuniuliza swali kama lile, sitamlinda na ukweli kama nilivyomfanyia sir. Nitamwambia nilichokiona: nilisema Simon, na mtoto akanyamaza.