Nilivyompigia Papa Deo Tarumbeta

Kosa ni langu, msinitafutie wa kugawana naye. Niliambiwa kwa upole, nikaambiwa tena, nikacheka. Sikilizeni, kisha mnidharau kama ninavyojidharau mwenyewe.

Nina miaka arobaini na mitatu na kitambi. Ujanani nilipiga tarumbeta katika fanfari, bendi ya matarumbeta ya parokia, halafu maisha yakanitoa huko. Mwaka jana niliikuta ile tarumbeta kwa dada yangu kule Nyantende, chini ya kitanda, nikarudi nayo mtaani kwetu Cimpunda kama bwana harusi. Kila siku nikitoka kazini, saa kumi, nilianza kuipuliza.

Tunaishi familia nne katika parseli moja: ua mmoja, choo kimoja, kuta za mbao. Ukikohoa, jirani anakupa pole. Niliwaona wenzangu watu wasio na masikio. Wanafungulia redio mbili kwa mpigo, wanagombania kamba ya kuanikia nguo, leo eti tarumbeta inawaumiza!

Nyuma ya ukuta wangu alilala Papa Deo, fundi mwashi, ametoka hospitali. Alikuwa ameanza kuketi na kunywa uji. Mke wake, Maman Furaha, alinijia mlangoni.

"Tonton, pardon, iyo nyimbo ni ya bantu benye kufa. Papa iko nasikia. Piga ingine."

Alisema kweli. Fanfari yetu iliitwa zaidi kwenye mazishi, na nyimbo hizo ndizo pekee zilizobaki vidoleni mwangu. Ningeweza kujifunza nyingine, au kwenda kupigia mbali. Badala yake nilimjibu mama wa watu kwamba muziki si uchawi, na kwamba asiyesoma noti asinifundishe. Hata mimi noti sizisomi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alhamisi moja midomo ilikubali. Wimbo wa kushusha jeneza niliupiga wote bila kukwama, nikaurudia kwa nguvu zaidi. Nilijisikia mtu.

Wakati huo dada zake Papa Deo walikuwa wanapanda njia, wametoka Minova kuja kumwona mgonjwa, na ndizi kichwani. Wakasikia tarumbeta ya mazishi ikitoka katika parseli ya kaka yao. Walitupa mizigo, wakaingia uani wakipiga mayowe, wakajiangusha chini, wanamwita kwa jina. Wapita njia nao wakaingia. Ua ukajaa kilio kabla mtu hajauliza lolote. Na mimi, mjinga, nilidhani kuna ajali huko barabarani, nikamaliza ubeti wangu.

Nilipotoka na tukafungua mlango wake, Papa Deo alikuwa ameketi kitandani, kikombe cha uji mkononi, anatuangalia mmoja mmoja.

"Njo mimi banalilia?" aliuliza, akitaka kujua kama ni yeye anayeliliwa.

Tulimwambia ni makosa. Dada zake walimkumbatia, wakacheka huku machozi hayajakauka. Yeye alirudisha kikombe, akalala na uso ukutani. Tangu siku hiyo chakula alikionja tu ili mke wake asilie. Aliwaambia dada zake wamekwisha kumlilia, asiwachoshe mara mbili.

Siku ya tisa alikufa. Sisemi tarumbeta ilimuua, maana alikuwa mgonjwa kweli. Lakini alikuwa ameanza kutaka kupona, na hamu hiyo niliikata mimi, ili mzee mzima nijione msanii.

Upumbavu wangu haukuishia hapo. Asubuhi ya mazishi niliing'arisha tarumbeta, nikamwendea Maman Furaha, nikamwomba aniruhusu nimsindikize mume wake. Nilidhani nampa heshima. Hakunitukana. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichomwagika.

"Ulisha mupigia angali muzima," alisema. "Inatosha."

Tulimzika bila fanfari. Majirani bado wananisalimu, ila nikikaribia wanakumbuka kazi jikoni. Nami nawaelewa.

Wewe unayerudia gitaa au filimbi yako ukubwani, kwenye nyumba za kuta nyembamba, kwanza uliza nani amelala upande wa pili na ana hali gani. Ukiambiwa nyamaza, nyamaza siku hiyo hiyo. Mimi nimenyamaza sasa, na haimsaidii mtu.