Ufunguo Niliouinua Juu

Nimeendesha teksi kati ya Munje na Msambweni mpaka masikio yamechoka, na aibu hii niliitafuta mwenyewe.

Serikali ilikuwa imekataza magari kusubiri abiria nje ya zahanati huku injini zikinguruma, maana moshi uliwaingilia wagonjwa madirishani. Dereva ambaye angeitii sheria kuliko wenzake angepewa tairi nne mpya. Zangu zilikuwa na upara kama mimi, kwa hiyo nikajifanya askari wa moshi, nikawakaripia wenzangu kila siku.

Siku ya zawadi, pale nje ya zahanati, afisa wa serikali alinisimamisha mbele ya madereva niseme machache. Nikasema mengi. Nikiwa katikati, muuguzi akatoka akikohoa.

"Shikamoo, mzee. Kuna gari linanguruma chini ya dirisha la wajawazito."

"Marahaba, mwanangu. Unawaona hawa wasivyo na haya?" Nikawageukia. "Nani huyo? Zima!"

"Sisi tumezima," akajibu Juma, dereva mwenzangu. "Tazama lako."

"Langu? Na ufunguo huu hapa?" Nikauinua juu, afisa auone vizuri.

Juma akaangua kicheko. "Mzee wangu, si lako ndilo linalochomoka ufunguo bila kuzimika?"

Ni kweli. Swichi imelika miaka mingi, nami hujua injini imezimika kwa kusikiliza tu. Siku hiyo niliisikiliza sauti yangu.

Afisa akaenda dirishani, akaweka kiganja juu ya boneti ya teksi yangu, akakiondoa upesi kwa joto. Alipogeuka kunitazama, mkono wangu ulikuwa bado juu.