Kisigino na ile nusu saa

Mama yangu alikuwaka na bata kumi na mbili, kule Kasaji. Masomo hakuona hata siku moja, lakini kila jioni alisimama ku mulango wa kijumba cha bata, anabagusa mugongo moja moja vile banaingia. Mi nilikuwa nyuma yake, nahesabu pamoja naye, njo vile nilijua kuhesabu mbele ya kujua kuandika. Siku moja bakaingia kumi na moja tu. Baba akasema: "Ingia ndani, mama. Ni bata moja tu." Akakataa. Akaenda mpaka lupango, kiwanja ya jirani, akanusa chungu yake, akasema mbele ya batu: "Bata yangu iko mu hii maji."

Jirani akacheka: "Weye huyui kuandika hata jina yako, utajua namna gani kama balikuwa kumi na mbili?"

"Jina yangu haitoroke," mama akamujibu. "Bata njo anatoroka."

Kiisha siku tatu jirani alileta bata ingine, mudogo kuliko ile yetu. Mama alimupokea lakini hakumuhesabia pamoja na benzake. Alisema ile ni bata ya haya. Mpaka leo nyama ya bata mi siipendi, lakini ile ni mambo ingine.

Ni ile kuhesabu njo ilinipatia kazi. Masomo niliacha ku mwaka ya tatu, juu baba alitaka mutu wa kusukuma baiskeli ya mihogo nyuma yake. Kolwezi nilifika kijana, kampani ikaniweka ku baruti, chini mu mugodi. Zamani ile tulikuwa tunawasha tambi kwa moto, tunakimbia kujificha, na kule tunahesabu milio. Kama mulitega mashimo makumi mbili na munasikia milio kumi na tisa, iko moja ilibakia mu jiwe. Tuliiita raté. Sheria ilikuwa moja: hakuna mutu kuingia mbele ya nusu saa kupita, juu ile raté inaweza kulipuka kwa kuchelewa. Munakaa. Hata mukubwa wa kazi atukane, munakaa. Mi nilionaka mutu mumoja hakungoja. Pale siandike zaidi. Ile kazi niliifanya mpaka nywele ikakuwa nyeupe, na sikupoteza mutu hata mumoja juu ya hesabu yangu. Najisifu, ndiyo. Muzee akiacha kujisifu, anabakia na nini?

Sasa niseme kisigino, juu njo kitu nilitaka kusema tangu mwanzo.

Bibi yangu, mwenye nilimuoa, alipigwa na AVC, ile kiharusi, upande wa kuume wa mwili wote ukakufa, na maneno yakabakia machache. Kila asubui mi njo nilikuwa namuinua. Ananishika shingo na mukono ule muzima, tunatoka pole pole mpaka choo, nyuma ya nyumba. Hakutaka mutu mwengine amushike, hata mama jirani mwenye alikuwa rafiki yake sana. Mi nilimuona miaka yote ile, hakutaka kuongeza mwengine wa kumuona.

Basi kisigino changu cha kushoto kikachagua wakati ule ule. Mutu hajaumwa kisigino hawezi kujua. Muchana unatembea, inakuwa afazali. Lakini asubui, ile hatua ya kwanza ya kutoka ku kitanda, ni kama mutu alisimamisha musumari mu sima, ile saruji ya chini, na anakuambia kanyaga. Hatua kumi, makumi mbili, kiisha inalegea. Na mi nilikuwa na lazima ya ile ya kwanza, juu ku ile ya kwanza njo nilikuwa na bibi ku shingo! Asubui moja, pale ku mulango, muguu ukakataa, tukaanguka sisi wawili, yeye juu yangu. Akaanza kucheka. Na mi nikacheka. Tulicheka pale chini juu kuinuka hatukuweza, mpaka mama jirani akatukuta.

Binti yetu mwenye aliolewa Likasi akasikia. Akanipigia simu: "Papa, mukianguka tena, nakuja kumubeba mama."

"Utamubeba kama kitanda?"

"Nitamubeba kama mama yangu."

Na mi siwezi kumufuata kule. Kwetu baba hakai mu nyumba ya mume wa binti yake. Unasalimia, unakula, unarudia kwako. Nikamuomba binti anipe wakati, nitatengeneza kwanza kisigino.

Ku kliniki nilikuta mama mumoja, kazi yake ni kunyoosha biungo, banamuita kiné. Alibonyeza kisigino na kidole gumba, nikaruka. Akasema: "Papa, hii tutaipiga onde de choc." Aliniambia ni mashini ya kupiga mishindo midogo mu nyama, ili mwili ujue pale ni pabaya na uanze kupatengeneza. Mi nikafurahi. Mishindo! Ile njo kazi yangu.

"Itapiga ngapi?"

"Elfu mbili."

"Nitahesabu."

"Hesabu, papa, kama utaweza," akacheka.

Nikalala tumbo chini, muguu unaninginia inje ya kitanda. Akapaka gel ya baridi, akaleta kitu kama bastola, na mupira murefu nyuma. Tatatatata! Mama yangu! Kumi sikufika. Ilikuwa mbio kuliko ulimi, na kila moja ilikuwa inagonga mpaka mu meno.

"Mashini inahesabu yenyewe," akasema. "Namba iko hapa."

Namba ilikuwa upande wake. Mi nilikuwa naangalia chini, sima na biatu byake bya kijani. Maisha yangu yote ilikuwa mara ya kwanza mutu mwengine ananihesabia milio.

"Nitapona siku gani?"

"Séance tano, moja kila juma. Kupona yenyewe inakuja pole pole, miezi mbili, tatu."

"Miezi tatu! Mama, mi niko na asubui."

"Asubui gani?"

Nikamuelezea mambo ya bibi. Akaongeza gel.

Siku ya séance ya tatu mama jirani alikuwa ku kilio cha musiba, hakukuwa mutu wa kubakia na bibi. Nikamupeleka choo kwanza, nikamulalisha, nikamuonyesha saa: "Saa tano niko hapa." Akaitika na kichwa.

Katikati ya mishindo courant ikakatika. Bwawa ya umeme ya Nzilo ile pale, maji inaanguka muchana na usiku, na sisi tunakaa mu giza, lakini ile pia ni mambo ingine. Courant ikarudia, mashini ikaonyesha zéro.

"Tulikuwa tumefika ngapi?" nikauliza.

"Labda elfu moja na mia tano."

"Labda? Mu kazi yetu mutu wa labda tulikuwa tunamuzika."

"Papa, ni kisigino, si mugodi."

Akapiga mia tano ya kumalizia, akasema simama, imeisha. Mi sikusimama. Nitasema ukweli hata kama mutanicheka: mwili wangu wenyewe ulikataa. Hesabu haikutimia, na mule ndani iko kitu kilibakia. Nikaomba kukaa nusu saa.

"Ya nini?"

"Ya raté."

Aliangalia wagonjwa bengine benye balikuwa banangoja, akaniwekea kiti ku baraza. Nikakaa, muguu umenyooka, naangalia saa ku ukuta. Nusu saa kamili. Hata dakika moja sikuiba. Na nilijisikia muzuri pale ku kiti, kama mutu wa kazi tena. Ile njo inaniuma kuliko kisigino.

Nilipofungua mulango, bibi alikuwa chini, katikati ya kitanda na kizingiti. Alitaka kwenda choo peke yake. Kitenge kimelowa, shavu iko ku sima. Hakuwa analia. Alisema neno moja tu: "Nilikungoja."

Alingoja, najua. Mpaka saa tano alivumilia. Ile nusu saa njo ilimushinda.

Mufupa haukuvunjika, mukono tu ulivimba. Mama jirani aliporudia ku kilio akapiga simu Likasi, na mi sikumukataza. Ku mwisho wa juma binti alikuja na mume wake na gari. Walikunja bitenge byake, wakachukua kikombe chake cha maua. Yule mume wa binti alimuinua bibi yangu mu mikono kama mutoto, hata hakuhema. Pale ku gari bibi alinyoosha mukono ule muzima. Nikainama ili anishike shingo. Lakini alikuwa anaonyesha muguu wangu.

"Kisigino?" akauliza.

"Iko inapona," nikamuambia. Sikujua kama naongopa.

Siku tatu kiisha wao kwenda, asubui, niliteremusha muguu, nikafunga meno nangoja musumari. Haukuja. Nikapiga hatua ya kwanza. Ya pili. Nikafika ku mulango, nikazunguka nyumba mpaka choo, mikono inaninginia tu. Nikarudia, nikakaa ku kitanda upande wake.

Siku ya séance ya ine nilienda, juu ilikuwa siku yangu ya kwenda.

"Papa, asubui iko namna gani?" mama kiné akauliza.

"Haiumi."

"Unaona! Nilikuambia nini? Mama atafurahi."

"Mama alienda Likasi."

"Kutembea?"

Nikalala tumbo chini, muguu inje. Akapaka gel, akawasha mashini. Tatatatata. Nikaangalia sima, nikaangalia biatu bya kijani. Nikavuta muguu.

"Papa, bado! Hata mia tatu hatujafika!"

Nikakaa, nikapangusa gel na soksi, nikavaa kiatu.

"Zimebakia nyingi, papa. Haiachwe hivi."

Alikuwa na haki, na mi nilijua ile kuliko yeye. Sikumuuliza namba. Nikapita ku baraza, kiti kilikuwa pale pale, na saa ku ukuta, sikuiangalia. Nikashuka ku barabara, natembea muzuri kabisa, na kule sikurudiaka tena.