Mkono Usiokunjika na Mkono Unaokunjika

Pasi ya mkaa inafuka moshi kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la Parth, mjini Tabora. Ni saa mbili asubuhi. Eustadia anashona matundu ya vifungo kwenye kanzu nyeupe ya mwanafunzi wa seminari ya Kipalapala. Kifundo cha mkono wake wa kulia kinapanda na kushuka kufuata sindano.

Pembeni yake, Zablon ameacha cherehani yake anautazama mkono huo.

“Ona anavyoringa,” anamwambia mwandishi wa gazeti aliyeketi nao.

“Naringa nini, Baba Dionis? Nashona,” Eustadia anajibu bila kuinua kichwa.

Zablon ana wivu, wala haufichi.

Mafundi hawa wawili waliugua baridi yabisi iliyokula viungo vya mikono yao. Walipasuliwa Dar es Salaam, mwaka mmoja, na daktari mmoja. Eustadia aliwekewa kiungo bandia cha chuma na plastiki. Zablon aliunganishwa mifupa kwa bamba la chuma na skrubu. Kifundo chake cha kulia hakikunjiki tena.

Maumivu yamewaishia wote wawili. “Nilikuwa siwezi hata kufungua chupa ya mafuta ya kula,” anasema Eustadia. Mkono wake unakunjika kama nusu ya zamani, lakini kwa sindano nusu inatosha.

Zablon hana hata hiyo nusu. Ana umri wa miaka 57, na kwa miaka mingi kanzu za Kipalapala zilikuwa kazi yake. “Sasa vijana wananiamkia shikamoo vizuri kabisa,” anasema, “halafu kitambaa wanampa yeye.”

Kwa nini daktari hakumpa kiungo bandia? Zablon anakuna kidevu.

“Aliniuliza, ukiacha kushona unafanya kazi gani? Nikasema nalima tumbaku Goweko, napasua kuni, nabeba magunia. Kwenye benchi walikaa wanaume wenzangu wanasikiliza. Ningesema mke wangu ndiye analima?”

Daktari alimwambia kiungo bandia kingelegea kwa kazi hizo. Akaamua kumfunga kifundo kwa bamba.

Eustadia anacheka hadi anaweka sindano chini. “Magunia gani? Huyu Goweko anaenda kula viazi! Shamba ni la Mama Dionis.”

Lakini naye ana wivu wake. Haruhusiwi kuinua kitu kizito. Pasi ya mkaa haigusi, na maji anachotewa na binti yake. Kila mwaka mkono wake unapigwa eksirei kuangalia kama kiungo kimelegea.

“Kikilegea wanakitoa, wananifunga kama yeye,” anasema. “Mwenzangu hana hofu hiyo. Anainua pasi kama kikombe cha chai.”

Kwa hiyo kanzu zote za Eustadia zinapigwa pasi na Zablon. Siku akinuna, anamwacha asubiri mpaka mkaa uzime.

“Wiki iliyopita mteja alikuja, kanzu ina makunyanzi,” Eustadia analalamika.

“Si angeipiga pasi kwa huo mkono wake mzuri?” anajibu Zablon.

Sasa kifundo cha mkono wa kushoto wa Zablon kimeanza kuvimba. Daktari alishamweleza kwamba mtu aliyefungwa mkono mmoja anaweza kuwekewa kiungo bandia kwenye wa pili, ikiwa kazi zake ni nyepesi. Mwezi ujao anapanda treni kwenda kumwona. Anasema atajifunza kushona matundu ya vifungo kwa mkono wa kushoto, na kanzu zitarudi kwake.

“Safari hii nitasema ukweli,” anasema.

“Hata wanaume wenzako wakiwa kwenye benchi?” Eustadia anamchokoza.

Zablon anaichukua kanzu mapajani mwa Eustadia, anaitandaza mezani, anapitisha pasi juu yake kwa mkono ulionyooka kama mwiko. Kola inalala vizuri. Anamrudishia.

“Wewe andika gazetini,” anamwambia mwandishi. “Andika Zablon hana jembe. Wakishasoma wote, nikifika kwa daktari sitakuwa na la kujisifia.”