Siku Nilipoitwa Kumnyoa Madam

Jumamosi ya pili ya mwezi wa nne. Asubuhi mvua ya mawe imepiga mabati ya mtaa wetu wa Huruma mpaka tukashindwa kusikizana, halafu jua likatoka kama hakuna kilichotokea. Leo nimekabidhi kazi. Chebet, mke wa mtoto wangu, ndiye anabaki na biashara. Ameniomba niandike vile tulianza, ili wasichana wanaokuja kujifunza wasome. Shule niliachia darasa la saba na sijui kama nitapanga vizuri. Nitasema niliyoyaona, na pale sijui nitasema sijui.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa katika saluni moja katikati ya mji. Mwenyewe tulimwita Madam tu. Wigi yake haikuwahi kukaa upande, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa msusi yeyote niliyemwona. Niliwekwa kwenye sinki. Mteja wa kwanza alikuwa amepakwa dawa, ile krimu nyeupe ya kulainisha nywele, na ilikuwa imekaa kichwani kupita kiasi. Nilipomwagia maji alipiga ukelele nikaangusha jagi. Nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imetoka.

"Madam, amechomeka!"

"Wee Nekesa, punguza kelele. Weka nyutralaiza." Nyutralaiza ni shampuu ya kuzima dawa. Kisha akamgeukia mteja: "Pole sana, Mama. Lakini hebu ona vile zimelala!"

Yule mama akajiangalia kwenye kioo, akafuta machozi, akacheka. Baadaye alirudi kuwekwa dawa tena. Hiyo ndiyo ilinishtua zaidi.

Madam alinifundisha kazi bila kunificha kitu. Kwanza besi, yaani mafuta mazito ya kuzungushia ngozi ya kichwa ili dawa isiile. Halafu kugawa nywele, kupaka bila kugusa ngozi, kuangalia saa. Aliponipeleka tawi lake la Kapsoya kuwa msimamizi, aliniambia, "Mteja akisema inamuwasha, usimbishie. Osha." Lazima niseme haki: wengi walipaka dawa na nywele zao ziko sawa mpaka leo. Ila nyuma ya saluni, mtaro uliopeleka maji ya sinki haukuota hata nyasi, na mimi nilikuwa nauangalia kila siku nikinyamaza, maana nani angemuuliza msichana wa sinki.

Sasa nifike kwa lile jambo.

Mume wa Madam alifariki, akazikwa kwao upande wa Turbo. Marehemu na mimi ni watu wa magharibi, na katika koo zetu, mazishi yakiisha familia hunyolewa. Mjane hunyolewa na mjane mwenzake, nje uwanjani, watu wakiona. Madam ni mtu wa upande wa kati, na kwao hakuikuta desturi hiyo. Mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya, akaniita. "Wewe ni mjane na ni msusi. Utamnyoa wewe, mkono wako anaujua."

Viti vilikuwa vimepangwa. Mashemeji walikuwa wameshanyolewa, vichwa vinang'aa. Wateja wa mjini walikuwa wamekuja wengi kumpa pole. Madam akasema anataka kuingia ndani kwanza na mimi. Akafunga mlango. Akatoa kitambaa cha kichwani, halafu akatoa wigi.

Miaka yote hiyo nilifanya kazi chini yake na sikuwahi kujua. Kuanzia paji la uso mpaka utosini hapakuwa na kitu. Ngozi ilikuwa laini kama mgongo wa kijiko, na makovu yaliyokunjamana pembeni. Kwenye kisogo tu ndiko kulikuwa na vinywele kama vya mtoto mchanga.

"Funga mdomo, Nekesa. Nzi wataingia."

"Madam, hii ni nini?"

"Ni dawa. Kila krimu mpya ikiletwa, nilijijaribia mimi kwanza. Ningewapaka wateja kitu sikijui?" Akaketi. "Nikitoka hivi, saluni imeisha. Nikikataa kutoka, watasema sikumpenda bwana yangu. Niambie wewe, nifanye nini?"

Hata leo sijui ningemwambia nini.

Mlango ukagongwa. "Mnanyoa ama mnasuka?" Alikuwa Kukhu. Madam mwenyewe akamfungulia. Yule mama mzee aliangalia kile kichwa, akatafuta kitanda kwa mkono, akakaa.

"Mtoto wangu alijua?"

"Alijua, Mama. Ndiye alikuwa ananipaka mafuta kila jioni. Yale ya avokado unayompikia."

"Yale?" Kukhu akashika kifua. "Mbona aliniambia ni ya magoti yake!"

Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia, na Madam akalia naye. Mimi nilisimama pale kama kiti. Kisha Kukhu akasema, "Mwanangu, sikulazimishi. Nitawaambia watu umenyolewa humu ndani."

Madam akakichukua kitambaa akakifunga. Akakifungua.

"Hapana, Mama. Wengine wamekaa nje, na mimi nitakaa nje."

Akatoka kichwa wazi. Mimi nyuma na beseni. Uwanjani nikasikia kuku wakiparua. Nikapitisha wembe kwenye vile vinywele vya kisogo, ndivyo vilivyokuwepo. Mteja mmoja wa tangu zamani akainuka, nikadhani anaenda zake. Akaja akapiga magoti kando ya Madam, akasukuma kilemba chake nyuma.

"Madam, na mimi hapa mbele zinatoka. Ni hiyo dawa?"

"Nafikiri ni hiyo, Mama. Nisamehe."

Aliporudi mjini, Madam alisema dawa haitaingia tena sinki lake. Kuna wateja waliotuhama, na hatuwalaumu, walitaka kitu ambacho hatukuwa nacho tena. Chumba cha Kapsoya akaniachia nianze kuuza mafuta yale ya avokado, na Kukhu akaja kutufundisha kuyapika. Unaponda avokado iliyoiva, unaipika kwa moto mdogo ukikoroga mpaka mafuta yajitenge, unakamua kwa kitambaa. Mafuta hayo unayarudisha motoni. Yakiwa bado yanatoa sauti, yana maji, na yenye maji yatachacha. Yakinyamaza, yameiva. Beseni letu la kwanza lilichacha likanuka mpaka majirani wakauliza nani amekufa. Avokado tunachukua Turbo, zile zilizoanguka zikapondeka ambazo wachuuzi hawazitaki. Makapi yanarudi shambani. Chupa mteja anarudisha, tunachemsha, tunajaza tena.

Leo basi, nimefika dukani nikakuta Chebet amebandika karatasi kubwa ukutani: INAOTESHA NYWELE.

"Chebet, hii ni nini?"

"Mama, wenzetu wote wanaandika hivyo. Bila hiyo mtu hasimami hapa. Na si ni ukweli? Kuna ambao zilirudi."

Chebet si mwongo. Wako ambao zilirudi. Lakini ni mafuta, ama ni kuacha dawa? Mimi sijui, na sikujua nimwambie vipi mbele ya wageni.

Madam alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake. Akatoa kitambaa mbele ya wote, wasichana wale wapya wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Njoo ushike, Chebet. Mafuta haya nimepaka tangu mama mkwe wako hana mvi hata moja. Haya, nionyeshe zilizoota."

Chebet ameweka mkono pale utosini, ameutoa, ameufunika mdomo. "Woi, Madam. Sikujua."

"Inalainisha. Hainiwashi. Nalala vizuri. Andika hayo."

Chebet amepanda kiti akabandua karatasi. Sijui kama hayo matatu yatauza. Wanaonunua watasema. Kazi yangu mimi imeisha.

Jioni tumekula ugali na mboga ya mrenda, na kuku ambaye Chebet amemchinja kwa ajili ya Madam. Madam amekula kichwa wazi, kitambaa kikiwa begani, akaomba aongezewe mrenda.