Ile ya Nyumbani Ingetutosha

Chini ya kitanda changu, hapa Kimandolu, kuna kompyuta nzee niliyoifunika kwa kanga. Ndani yake imo sauti ya marehemu mume wangu akiongea na binti yetu. Alimwachia maneno ya kumkuza. Binti hajayasikia hata moja, mimi pia sijayasikia, na kila fundi niliyempelekea amenirudishia na kuniambia pole mama. Mimi ni darasa la saba, nimeuza mitumba miaka yote, kuandika si kazi yangu. Naandika kwa sababu waliotufanyia hivi bado tunakutana nao barabarani na wananisalimia kama hakuna kitu. Majina binti amenikataza. Basi nitawaonyesha kwa kidole, na wenyewe watajijua.

Wa kwanza ni mabosi wa kiwanda. Mume wangu alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha serikali hapa mjini. Soko huria lilipoingia, wakaja wageni wenye kofia ngumu, wakazunguka mashine wakiziangalia kama watu wanaonunua ng'ombe mnadani, na baada ya hapo tukaambiwa kiwanda kimepata mwekezaji na mwekezaji hataki watu wengi. Walimpunguza. Neno lenyewe ndilo hilo, kupunguza, kama unavyopunguza nywele. Alikuwa ameshaanza kukonda, na zahanati ya bure ilikuwa hukohuko kiwandani. Mabosi walijua. Walimpa mkono na bahasha, wakamwambia ajiajiri.

Akajiajiri. Siku zile mji mzima ulikuwa umeshikwa na homa ya karatasi za kompyuta. Hata mtu anayeomba kulinda geti aliambiwa alete barua iliyopigwa chapa. Mume wangu akasema tutafungua steshenari kwenye chumba chetu cha mbele, tupige barua na kadi za harusi. Tukaenda mjini kununua kompyuta iliyokwishatumika huko Ulaya.

Muuzaji ndiye wa pili. Alikuwa kijana mtanashati wa Kilimanjaro mwenye tai, na duka lake lilikuwa ghorofani. Mume wangu alizipanda zile ngazi akishika ukuta. Kijana akatuwashia mashine, kisha akaweka mezani CD mbili alizoziandika kwa kalamu ya wino mzito. Alieleza kwamba kompyuta bila programu ya kuiamsha ni sanduku tu, na hiyo programu mafundi wanaiita windo. Windo ziko mbili, ya Nyumbani na ya Kitaalamu. Ya Nyumbani unawasha, unaandika, watoto wanacheza karata, basi. Ya Kitaalamu ni ya maofisini, inaungana na kompyuta nyingine nyingi, na ina kufuli. Unaweza kulifunga faili hata ndugu yako wa tumbo moja asilifungue.

Nikasema ya Nyumbani inatutosha. Tuna mashine moja, kwenye nyumba ya kupanga, tutaiunganisha na nini, na jiko la mchina?

Kijana akacheka. Mume wangu hakucheka, alimuuliza tena habari ya lile kufuli.

"Mama," kijana akaniambia, "huko zinakotoka, hii ya Kitaalamu ni ghali, mtu anajiuliza sana. Hapa kwangu CD ni CD, bei moja. Nani anauziwa ng'ombe na mbuzi kwa bei moja akachukua mbuzi?"

"Asiye na majani ya kumlisha ng'ombe," nikamjibu.

Wakacheka wote wawili, tukarudi na ng'ombe. Ndivyo mji ulivyokuwa. Wenye duka la kuuza misumari walikuwa na ya Kitaalamu, saluni ina ya Kitaalamu, maana hakuna aliyetaka kuonekana wa chini kwa bei ileile. Kijana wa watu hakutuambia kwamba lile kufuli lina ufunguo wake, na kwamba ufunguo unatakiwa kutolewa na kuwekwa pembeni kwenye flopi, ile diski ndogo ya plastiki. Hilo nimelijua baada ya miaka, kwa mafundi. Labda hata yeye hakujua. Lakini aliuza kufuli, na mimi sijawahi kumwona muuza kufuli anayemkabidhi mteja kufuli tupu.

Njiani nilimuuliza mume wangu kufuli la nini. Akasema ni kwa ajili ya kaka yake. Huyu kaka mkubwa anakaa Maji ya Chai, ana migomba yake na anauzia malori, na alikuwa na tabia moja: akiingia kwetu hakai. Anafunua sufuria, anafunua sanduku, anasoma barua zilizo mezani. Kwake kila kilichokuwa cha mdogo wake kilikuwa chake.

"Nataka kitu kimoja tu ambacho kaka hawezi kukifunua," mume wangu akasema.

Sikubishana naye. Mgonjwa ukimkatalia jambo dogo unalala nalo.

Alikuwa mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya usharika. Alipozidi kudhoofika, watu wakaanza kusogea kwenye benchi. Hakuna aliyemwambia neno, walisogea tu, akabaki na nafasi ya kutosha watu wazima wawili kila upande. Akaacha kwenda. Jumapili, majirani wakiwa kanisani na barabara imetulia, alijifungia chumba cha mbele na maikrofoni yake ya plastiki. Binti alikuwa anaanza kusimama dede. Mimi nilikaa naye nje ya pazia nikimtuliza asilie, maana kilio kingeingia kwenye kazi ya baba.

Siku moja aliniita akanionyesha. Mafaili yalikuwa yamepangwa kila moja na jina lake, na majina yote yalikuwa ya kijani wakati mengine ni meusi. Akasema kijani maana yake yamefungwa. Nikasoma: Akianza shule. Akinionea aibu. Akifeli. Akipata kipaimara. Akipenda mtu. Akimkasirikia mama yake. Akiolewa. Nilitaka nisikie hilo la kumkasirikia mama yake. Akakataa. Akanipa neno la siri la kuingilia, akaniambia nisifungue lolote kabla siku yake haijafika, maana neno likisikilizwa kabla ya wakati linapoa. Nikamwahidi. Nilijiona nimeshika ufunguo wote mkononi.

Alifariki mvua za masika zikiwa zimeshika. Tukamzika kwao, Maji ya Chai, kwenye migomba. Wale waliosogea kwenye benchi walikuja wakaimba vizuri sana.

Kwetu, matanga yakiisha, ukoo unakaa. Nguo za marehemu zinafuliwa kwanza, ndipo zinagawiwa, asiondoke mtu na uchafu wa kifo nyumbani kwake. Kikao kiliongozwa na mzee wa kanisa, ambaye ni mjomba wao. Huyo ndiye wa tatu. Koti lilikwenda kwa huyu, redio kwa yule, na kompyuta wakaitaja kwa kaka mkubwa, aitunze mpaka mtoto akue. Nilisimama, nikasema ile mashine imebeba sauti ya baba wa mtoto, na mtoto yupo hapa mgongoni kwangu, apewe mwenyewe.

"Kaa, mama," mzee wa kanisa akasema, tena kwa upole. "Mjane hapimi mali ukoo ukiwa umekaa. Baba yake mkubwa si mtu baki."

Nilimwambia shikamoo yangu ataipata siku atakaponirudishia mtoto wangu haki yake. Wanawake wakanivuta kanga nikakaa. Nimeshika neno langu. Mpaka leo tukikutana sokoni ananisubiri nimwamkie, nami naangalia nyanya.

Wa nne ni shemeji, huyo huyo kaka mkubwa. Alikuwa anaitaka ile kompyuta, na alikuwa anaiogopa. Ugonjwa uliomuua mdogo wake hakuna aliyeutaja, lakini wote waliujua, na siku zile watu waliamini unakaa hata kwenye kikombe. Shemeji akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akaifuta kibodi kwa spiriti, kitufe kimoja kimoja. Hakutosheka. Akawaza kwamba kama nguo inafuliwa, na hii ina ndani, basi hata ndani ifuliwe. Akaibeba mpaka kwa fundi mmoja wa Sekei, akamwambia ni mali ya marehemu, aioshe yote ndani, kusibaki kitu chake.

Na fundi akaosha. Ndiye wa tano. Alinisimulia mwenyewe baadaye, akicheka, kabla hajajua mimi ni nani. Alifuta ile windo ya Kitaalamu, akaweka nyingine. Alipokosa CD ya Kitaalamu akaweka ya Nyumbani, ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wake. Nilipomwambia kilichokuwamo, akaacha kucheka, akanieleza taratibu. Kompyuta ile ilikuwa imegawanywa, chumba cha juu na chumba cha chini. Mafaili ya mume wangu yalikaa chumba cha chini, na huko yeye hakugusa. Lakini ufunguo wa kufuli ulikaa chumba cha juu, ndani ya windo yenyewe.

"Na chumba cha juu nimekimwaga, dada," akasema. "Ningejua ningetoa ufunguo kwanza. Ni kazi ya muda mfupi tu."

Mashine ilirudi kwangu bila kesi. Shemeji aliiwasha kwake, akayakuta yale majina ya kijani, akabonyeza, kompyuta ikamkatalia. Akayasoma. Akianza shule. Akinionea aibu. Akaogopa. Asubuhi moja akaja nayo ikiwa kwenye gunia la mahindi, akaiweka mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Shemeji, nimeiosha kama inavyotakiwa," akaniambia. "Yamebaki madoa ya kijani. Fundi anasema hayatoki."

Nikaitia umeme kabla hajafika barabarani. Nikaliandika lile neno la siri. Mashine haikunijua. Nikaandika tena, herufi kubwa, herufi ndogo, nikaliandika kwa machozi. Majina yakaonekana vizuri kabisa, kila moja na urefu wake, sauti iko palepale kamili, na ukigusa unaambiwa huruhusiwi.

Mimi sikufa. Nami nilikuwa nao ugonjwa ule. Dawa zilikuja, zikamkuta yeye yuko chini ya migomba na mimi niko kitandani, nikanywa, nikaamka. Watu waliokuwa wamenipimia sanda wakaanza kunikopa tena vitenge.

Nimemkuza binti kwa kutazama yale majina. Alipoanza shule nilimshona sketi, nikawasha kompyuta, nikaiangalia, nikazima. Alipofeli hesabu akalia, nilikuwa sina cha kumwambia ila yale mambo ya mama, na nilijua yako mengine humo, ya mtu aliyepanga maneno yake akiwa anakohoa. Siku ya kipaimara nilimwonyesha. Alikuwa bado amevaa gauni jeupe. Alisoma majina yote kwa sauti, kuanzia juu mpaka chini, kisha akarudia lile la kumkasirikia mama yake, akaniangalia, akaenda kula loshoro, mahindi ya maziwa mgando, na wenzake.

Mwaka juzi alipata chuo, tukaenda mjini kununua kompyuta ya kubeba. Muuzaji, kijana mwingine mwenye tai nyingine, akamuuliza anataka windo ipi, ya Nyumbani au ya Kitaalamu. Nilidhani mambo hayo yalishaisha duniani. Binti akanigeukia.

"Mama, tuchukue ipi?"

"Ya Nyumbani," nikasema.

Kijana akaanza kutueleza faida za ile nyingine. Binti akamwambia, "Kaka, mama ameshasema."

Tulipofika nyumbani aliiweka mezani, pale pale chumba cha mbele, akafungua mahali pa kurekodia. Akasema mafundi wameshindwa, na yeye hatawasubiri tena, na mimi ndiye niliyekuwa nje ya pazia. Nimwambie sauti ya baba yake ilikuwaje.

Nilifungua mdomo. Nikajaribu kuishusha sauti yangu iwe besi, ikatoka sauti ya mwanamke mwenye mafua. Nikajaribu wimbo mmoja wa kwaya, nikaishia njiani. Hapo ndipo nilipojua kwamba sauti yenyewe hata mimi sinayo. Nina habari zake tu, kwamba ilikuwa nzito, kwamba ilipoitikia amina benchi lilitetemeka. Nilikuwa naitegemea ile mashine initunzie, nikaacha kuitunza mwenyewe.

Binti hakuzima. Alikaa ananisubiri. Nikamwambia kuna kipande kimoja ninacho, maana kila Jumapili baba yake alianza hivyo hivyo, na kila mara alikatishwa na kikohozi, akaanza upya. Mengine aliyasema chini chini, ila hicho nilikisikia mpaka kikanikaa.

"Kiseme," akasema.

Nikasogea karibu na mashine, nikakisema kama kilivyokuwa, pamoja na kikohozi chake.

"Mwanangu, ni mimi, baba yako. Subiri kidogo. Subiri ninywe maji."